RPG za fantasia na kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye kompyuta ya mezani ya kawaida, mara nyingi Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyostaafu ofisini Ulaya ikaishia Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, na sasa anataka kuingia Skyrim, The Witcher 3 au Baldur's Gate 3 bila kununua mashine mpya. Yanaanza na ya msingi, yanaishia na yale ya mara mojamoja.

## Kabla ya kutoa pesa

RPG za fantasia ni gemu gani, na mbona zinaisumbua kompyuta kuliko gemu za mpira?

Ni gemu ambazo unachukua nafasi ya mhusika, au unaongoza kikosi kidogo, katika dunia ya kubuni yenye majoka, wachawi na falme zinazogombana. Wewe ndiye unayeamua mhusika atakuwa mtu wa namna gani, na hadithi inafuata maamuzi yako. Skyrim ilitoka Novemba 2011, The Witcher 3 Mei 2015, Elden Ring Februari 2022, Baldur's Gate 3 Agosti 2023. Zote hadi leo zina watu wanaozianza upya.

Uwanja wa mpira ni uleule dakika zote 90, kwa hiyo kompyuta inaupakia mara moja basi. Kwenye RPG ya dunia iliyo wazi unatembea, na kila hatua mashine inaleta mlima mwingine, kijiji kingine, watu wenye ratiba zao. Diski, RAM (kumbukumbu ya muda), prosesa inayohesabu na kadi ya grafiki inayochora picha zinafanya kazi kwa pamoja bila kupumzika. Ndiyo maana mashine inayocheza mpira vizuri inaweza kukwamakwama ikifika mjini Novigrad ndani ya The Witcher 3.

Nina Dell au HP ya mtumba iliyotoka ofisini. Itaweza kweli?

Itaweza, mradi ujue ni ya kizazi gani na kasha lake ni la aina gani. OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 zina prosesa za Intel za kizazi cha nne, zilizoanza kutoka mwaka 2013. Baldur's Gate 3, gemu iliyotoka miaka kumi baadaye, inataja i5-4690 kuwa prosesa ya chini inayokubalika, na hiyo ni ya kizazi hichohicho. Bodi na prosesa za mashine hizi ni ngumu kufa. Kinachokosekana ni kadi ya grafiki, kwa sababu karani wa ofisini hakuihitaji.

Kama bado hujanunua, sikiliza hili kwanza kabla ya mengine yote: nunua kasha la mnara. Makasha haya huja kwa saizi tatu: mnara, jembamba linaloandikwa SFF, na dogo la saizi ya kitabu linaloandikwa Micro, Mini au Tiny. Jembamba linakubali kadi fupi tu. Lile dogo kwa kawaida halikubali kadi yoyote, na wauzaji wengi hawakuambii. Tofauti ya bei kati ya jembamba na mnara ni ndogo, lakini utakuja kuilipa mara mbili siku utakapotafuta kadi.

Nitajuaje kilichomo ndani ya mashine yangu?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM, nafasi ngapi za RAM zimetumika, na kama diski ni SSD (isiyozunguka, ya haraka) au HDD (ya kuzunguka). Kizazi cha prosesa ya Intel Core unakisoma mwanzoni mwa namba inayofuata kistari: i5-4570 ni cha nne, i5-6500 cha sita, i5-10400 cha kumi.

Pawa saplai haionekani kwenye Windows. Fungua kasha usome kibandiko chake. OptiPlex 9020 ya mnara imeandikwa wati 290, ile jembamba wati 255. Andika namba hiyo pembeni, utaihitaji kwenye sehemu ya kadi.

Nina pesa ya kitu kimoja tu. Nianze na nini?

Kama Windows bado iko kwenye diski ya kuzunguka, anza na SSD. Kama SSD ipo lakini RAM ni 4GB, ongeza RAM. Ukiwa na SSD na RAM 8GB au zaidi, pesa yako iende kwenye kadi. Prosesa ni ya mwisho.

Najua wengi hukimbilia kadi kwanza kwa sababu ndiyo yenye jina. Lakini kadi nzuri juu ya RAM 4GB na diski ya kuzunguka itakupa picha safi inayoganda kila unapofungua mlango.

Sina pesa ya chochote kwa sasa. Nicheze nini na hiki nilicho nacho?

Cheza za zamani, na uzicheze kwa moyo wote, maana baadhi ndizo bora kabisa katika aina hii. Morrowind ya 2002, Oblivion ya 2006 na Dragon Age: Origins ya 2009 zinafunguka kwenye grafiki za ndani ya prosesa, kama Intel HD 4600 iliyomo kwenye i5 ya kizazi cha nne. Skyrim ya kwanza ya 2011 nayo inachezeka humo ukishusha setingi na kutumia 720p, yaani picha ya mistari 720 badala ya 1080. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotengenezwa na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, na kutoka mwaka 2016, ni ya picha bapa na fantasia yake imejengwa juu ya Afrika. Haihitaji mashine kubwa.

Chunga jambo moja: Oblivion ipo pia katika toleo jipya la Aprili 2025 linalotumia Unreal Engine 5, nalo linataka angalau GTX 1070 Ti na RAM 16GB. Jina ni lilelile, mzigo ni mwingine kabisa. Soma mwaka kabla ya kulipa.

## RAM na diski

RAM ngapi inatosha?

8GB ni mlango wa kuingilia: Skyrim Special Edition na Baldur's Gate 3 zote zinaitaja kama kiwango cha chini. Elden Ring inataka 12GB. 16GB ndiyo ya kulenga, kwa sababu Windows yenyewe inakula sehemu yake, na kivinjari ulichosahau kukifunga kinakula nyingine.

Ninunue moja ya 16GB au mbili za 8GB?

Mbili. Prosesa inasoma RAM kwa njia mbili kwa wakati mmoja zikiwa mbili kwenye nafasi sahihi, ambazo mara nyingi zimewekewa rangi moja kwenye bodi. Kama unategemea grafiki za ndani ya prosesa, tofauti utaiona kwa macho, kwa sababu grafiki hizo hazina kumbukumbu yake na zinaazima RAM ya mashine.

RAM ya DDR4 itaingia kwenye mashine yangu ya DDR3?

Haiingii. Pengo la chini lipo mahali tofauti, usiilazimishe. Kizazi cha tatu na cha nne ni DDR3. Kuanzia cha sita nyingi ni DDR4, lakini OptiPlex 3040 na 5040, ingawa ni za kizazi cha sita, zinatumia DDR3L. Njia ya uhakika ni kuchomoa iliyomo, kusoma kibandiko, na kwenda nayo dukani.

SSD itaniongezea fremu?

Wastani wa fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, hautabadilika sana. Kitakachobadilika ni kusubiri na kuganda. Diski ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, SSD ya SATA inafika karibu 550, tena haichelewi kutafuta faili dogo lililo pembeni. Kwenye Skyrim, kila nyumba na kila pango lina skrini ya kupakia, kwa hiyo jioni moja ya kucheza ina milango mingi sana.

Baldur's Gate 3 imeandika SSD kuwa sharti, na inataka nafasi ya 150GB. Kuna setingi ndani yake iitwayo Slow HDD Mode kwa wenye diski za kuzunguka. Inasaidia kiasi, lakini bado utaona watu wakitokea bila nguo zao kukamilika kuchorwa. Ukinunua SSD kwa ajili ya gemu hizi, ya 240GB itajaa haraka, afadhali uvumilie hadi upate ya 480GB au 500GB. Mashine nyingi za kizazi cha nne hazina nafasi ya M.2 (ya SSD ndogo bapa inayochomekwa kwenye bodi), hivyo chukua ya SATA ya inchi 2.5.

## Kadi ya grafiki

Kadi ipi inaingia bila kubadilisha pawa saplai?

Nafasi ya PCIe, ile ya kuchomekea kadi kwenye bodi, inatoa hadi wati 75. Kadi inayokula chini ya hapo haihitaji waya wa ziada, na hizo ndizo zinazofaa mashine za ofisini. Nitazitaja kuanzia ya zamani hadi mpya.

GTX 750 Ti ya 2014, wati 60, kwa kawaida 2GB: inatosha Skyrim Special Edition kwa setingi za kati. Kwa leo ni ya kuchukua tu kama bei ni ya kutupa.

GTX 1050 Ti ya 2016, wati 75, 4GB: hapa The Witcher 3 inachezeka vizuri kwa 1080p na setingi za kati. Baldur's Gate 3 inafunguka, ingawa kadi iko chini ya kiwango walichotaja, yaani GTX 970. Tarajia setingi za chini na fremu karibu 30.

GTX 1650 ya 2019, wati 75, 4GB: ina nguvu zaidi kidogo na ni ya familia mpya zaidi. Angalia tu, baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya wa pini sita.

RX 6400 ya 2022, wati 53, 4GB: inapatikana fupi na nyembamba. Inatumia njia nne tu za PCIe, kwa hiyo kwenye prosesa za Intel za kizazi cha tatu hadi cha kumi inapungua kidogo, na kwenye mashine za kizazi cha pili, zenye PCIe 2.0, inapungua sana.

RTX 3050 ya 6GB, iliyotoka Februari 2024, wati 70: ndiyo yenye nguvu zaidi katika orodha hii, na 6GB zake zinaifaa Baldur's Gate 3. Usiichanganye na RTX 3050 ya 8GB, ambayo inataka waya wake.

Muuzaji akikupa GT 730 au GT 1030 kama "kadi ya gemu", mshukuru na uondoke. GT 1030 yenyewe ina matoleo mawili, na lile la DDR4 ni dhaifu mno kuliko la GDDR5.

Kasha langu ni jembamba. Nifanyeje?

Tafuta kadi iliyoandikwa "low profile", na hakikisha inakuja na kile kibati kifupi cha kufungia. Bila hicho kadi itaning'inia. GTX 1050 Ti, GTX 1650, RX 6400 na RTX 3050 6GB zote zina matoleo mafupi, ila bei yake huwa juu kuliko ya zile ndefu. Pima pia unene: kwenye baadhi ya makasha haya pawa saplai imekaribiana na nafasi ya kadi, na kadi ya feni mbili nene haipiti.

Nimepata RX 580 kwa bei nzuri. Naweza kubadilisha pawa saplai ya Dell au HP niiweke?

Si rahisi kama kwenye mashine ya kuunga. RX 580 inakula kama wati 185 na inataka waya wa pini nane. OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1 hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye bodi: Dell ina ya pini 8, HP ina ya pini 6. Kuna nyaya za kubadilisha, na kwenye kasha la mnara kazi inawezekana ukimpata fundi anayeelewa. Kwenye kasha jembamba pawa saplai ya kawaida haiingii kabisa.

Usikubali ile njia ya kuchukua umeme wa kadi kubwa kutoka kwenye plagi ya SATA kwa waya wa kubadilisha. Plagi ya SATA haikutengenezwa kubeba mzigo huo. Inayeyuka, na ikiyeyuka inaweza kuondoka na kadi, au na nyumba.

Kama kadi kubwa ndiyo ndoto yako, tafuta mashine za wachoraji ramani na wahandisi: Dell Precision au HP Z za mnara. Nazo huja mtumba, na nyingi zina pawa saplai yenye nyaya za kadi tayari.

Nitajuaje kadi si feki?

Hili linaumiza watu wengi, kwa hiyo nitaeleza polepole. Kadi feki inayozunguka sana ni ya zamani, mfano GTS 450 au GTX 550 Ti, iliyoandikwa upya ndani ili Windows iione kama GTX 1050 Ti. Inawaka, inaonyesha jina zuri, na dukani video inacheza vizuri. Ukifungua gemu ndipo inaanguka.

Anza kwa kuangalia nyuma ya kadi. Familia ya GTX 10 haitoi tena mawimbi ya VGA, hivyo "GTX 1050 Ti" yenye tundu la buluu la VGA ni ya kutiliwa shaka kubwa. Halafu omba ichomekwe kwenye mashine, na ufungue GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kutoka kwenye flashi yako mwenyewe. Tangu mwaka 2018 programu hiyo inatambua nyingi ya kadi za NVIDIA za namna hii na kuweka neno FAKE mbele ya jina. Tazama pia mstari wa Shaders, yaani idadi ya vitengo vidogo vya kuchora: GTX 1050 Ti ya kweli ina 768. Ukiona 192, rudisha.

Kwa upande wa AMD kuna RX 580 iliyoandikwa 2048SP. Hiyo si feki, ila ina Shaders 2048 badala ya 2304, na bei yake inapaswa kushuka ipasavyo.

Kadi iliyotumika kuchimba sarafu za mtandaoni ni ya kuogopa?

Si lazima. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, na kadi nyingi zikaingia sokoni. Feni na gundi ya joto ndivyo vinavyochoka kwanza, na vyote hubadilishwa. Ijaribu kwa gemu nzito nusu saa nzima kabla ya kulipa. Ikizima, ikipiga mistari ya rangi au ikivuka nyuzi joto 90, iache.

Nimeweka kadi, skrini ni nyeusi. Imekufa?

Mara nyingi iko hai. Waya wa skrini umechomekwa wapi? Ukiwa kwenye tundu la bodi, uhamishie kwenye kadi yenyewe. Kisha zima, chomoa umeme, na uisukume kadi hadi usikie mlio wa kile kifungo cha mwisho wa nafasi. Kama skrini yako ni ya VGA pekee na kadi haina VGA, utahitaji kigeuzi chenye saketi ndani yake, waya mtupu hautafanya kazi. Bado nyeusi? Rudisha waya kwenye bodi bila kadi, sasisha BIOS (programu ya bodi inayoiwasha mashine) kutoka tovuti ya Dell au HP, ujaribu tena.

## Prosesa

Lini prosesa ndiyo tatizo?

Nenda sokoni Novigrad kwenye The Witcher 3, au ufike mji wa Baldur's Gate katika sehemu ya tatu ya gemu yenye jina hilo. Washa programu ya MSI Afterburner ionyeshe matumizi ya kadi na prosesa. Porini kadi ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 97 au zaidi. Ukiingia sokoni ikashuka hadi 60 huku fremu zikianguka na prosesa ikiwa imejaa, prosesa ndiyo inayochelewesha. Kila muuza samaki na kila mtoto anayekimbia pale anahesabiwa na prosesa, na kubadilisha kadi hakutasaidia.

Naweza kubadilisha i5 kwa i7 ileile ya kizazi changu?

Ndiyo, na ni kazi ya kufungua skrubu chache. OptiPlex 9020 yenye i5-4570 inapokea i7-4770: viini ni vinne vilevile, lakini nyuzi (threads, kazi ambazo prosesa inashika kwa wakati mmoja) zinakuwa nane badala ya nne, na umeme unabaki wati 84. Kwenye OptiPlex 7010 mwisho wake ni i7-3770. Nunua gundi mpya ya joto siku hiyohiyo.

Usinunue kwa kuangalia soketi pekee. Kizazi cha sita na cha nane zote ni soketi 1151, ila prosesa ya nane haifanyi kazi kwenye bodi ya sita.

Ni wakati gani niache kuongezea nianze mashine nyingine?

Unapojikuta unataka prosesa ya kizazi kingine. Hapo unabadilisha bodi, na pamoja na bodi RAM, na kwa Dell au HP hata kasha na pawa saplai. SSD na kadi utahama nazo.

## Setingi na modi

Setingi zipi nishushe kwanza?

Vivuli, kwenye gemu zote. Kwenye The Witcher 3 zima HairWorks, kisha punguza umbali wa kuonekana kwa nyasi na miti. Kwenye Baldur's Gate 3 zima umati wa watu unaobadilika, hasa ukiwa mjini. Ubora wa ngozi za vitu (Textures) acha juu kadiri kumbukumbu ya kadi inavyoruhusu, kwa sababu haili nguvu nyingi na ndiyo inayofanya mawe yaonekane mawe.

The Witcher 3 ilipata toleo jipya Desemba 2022, zito kuliko la awali. Kama mashine yako imeanza kulemewa, chagua DX11, njia nyepesi ya kuchora, unapoifungua, au kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, rudi toleo 1.32 kupitia sehemu ya Betas.

FSR na DLSS ni nini?

Ni njia za kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili, ili kadi ipumzike. DLSS ni ya kadi za RTX pekee. FSR ya AMD inafanya kazi hata kwenye GTX 1050 Ti. Baldur's Gate 3 na The Witcher 3 mpya zinayo. Kwa 1080p tumia kiwango cha Quality. Ukishuka zaidi nywele na majani yanaanza kumetameta.

Fremu 30 zinatosha?

Kwa Baldur's Gate 3 zinatosha kabisa, mapigano ni ya zamu na una muda wa kufikiri. Kwa The Witcher 3, 40 zisizoyumba ni raha. Elden Ring ni habari nyingine: unakwepa upanga kwa sehemu ya sekunde, hivyo shusha kila kitu uisogelee 60, ambayo ndiyo mwisho wake. Fremu 30 zilizotulia ni bora kuliko 50 zinazopanda na kushuka.

Skyrim usiivushe 60 bila modi (nyongeza inayotengenezwa na wachezaji) ya kurekebisha. Mwendo wa vitu umefungwa kwenye fremu, na ukizidisha, sahani na vikombe vinaruka unapoingia ndani ya nyumba.

Naweza kuweka modi za Skyrim kwenye mashine ndogo?

Ndiyo, kwa kiasi. Anza na Special Edition ya 2016 kwa kuwa ni ya biti 64. Ile ya 2011 ni ya biti 32 na inaanguka kumbukumbu ikijaa. Tumia programu ya kupanga modi, Mod Organizer 2 au Vortex, weka modi moja, cheza, ndipo uongeze nyingine. Modi za hadithi na silaha hazina uzito. Za miti, nyasi na mwanga ndizo zinazoua kadi ya 4GB. Zinazotegemea SKSE, programu ya ziada inayopanua uwezo wa Skyrim, huvunjika gemu inapojisasisha, kwa hiyo zuia masasisho ya moja kwa moja.

## Umeme, joto na vumbi

Umeme hukatika kwetu. Nifanye nini?

Nunua UPS, betri ya akiba ya kompyuta, kabla ya kadi ya pili. Ya 650VA huwa na kama wati 360, inatosha mashine ya ofisini yenye kadi ya wati 75 pamoja na skrini, kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Umeme ukikatika gemu ikiwa inaandika, faili la safari yako linaweza kuharibika. Hifadhi kwenye nafasi tofauti tofauti, usirudie ileile.

Nitakula uniti ngapi?

Mashine ya aina hii pamoja na skrini ni kama wati 180 ukicheza. Saa tatu ni uniti 0.54.

Inazima yenyewe baada ya nusu saa.

Joto. Fungua kasha, puliza vumbi huku umeshika feni isizunguke, badilisha gundi ya prosesa. Prosesa za kizazi cha nne zinajipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100. Lenga chini ya 85. Wa pwani, hewa ya chumvi inaharakisha kutu, kwa hiyo usiiweke mashine dirishani.

## Kununua na kupakua

Nalipaje Steam au GOG bila kadi ya benki?

Kenya kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyoanza 2022. Tanzania pia kuna kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia pesa za simu. Bei ni kwa dola. Subiri vipindi vya punguzo: The Witcher 3 na Skyrim hushuka sana mara kadhaa kwa mwaka.

GB 150 kwa bando langu?

Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni saa 33 hivi bila kukatika. Rafiki mwenye gemu ileile anaweza kukusaidia: Steam tangu 2023 inahamisha gemu kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, na kila mtu anabaki na akaunti yake. GOG inatoa faili la kusakinisha lisilohitaji intaneti. Unalipakua kwenye mtandao wa haraka na kulibeba kwenye diski ya nje. Witcher, Skyrim na Baldur's Gate 3 zipo GOG. Elden Ring haipo.

Na zile za kuvunjwa zinazouzwa kwenye flashi?

Usiziingize kwenye mashine unayotumia kwa benki au M-Pesa. Huwezi kujua kilichofungwa ndani, na hupati masasisho, ambayo Baldur's Gate 3 imepata makubwa tangu itoke.

## Mambo ya pembeni

Nina laptopu, si kompyuta ya mezani.

Ongeza RAM na SSD kama ina nafasi. Kadi haibadilishwi. Rudi kwenye swali la nini cha kucheza bila pesa.

Windows 10 imefungwa. Nihame?

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane na kuendelea. Gemu bado zinafunguka kwenye 10. Njia nyingine ni Linux: Proton, programu ya Valve wenye Steam inayofungua gemu za Windows humo, inaendesha Skyrim, The Witcher 3, Elden Ring na Baldur's Gate 3. Jua pia kwamba GTX 750 Ti na 1050 Ti hazipati tena draiva mpya za gemu kutoka NVIDIA tangu mwishoni mwa 2025, zinabaki na masasisho ya usalama tu. GTX 1650 bado imo.

Nikibadilisha diski, safari yangu itapotea?

Steam Cloud huhifadhi nyingi, lakini nakili mwenyewe pia. Skyrim iko Documents, ndani ya My Games. The Witcher 3 iko Documents, folda ya gamesaves. Baldur's Gate 3 na Elden Ring zimejificha ndani ya AppData: ya kwanza kwenye Local, folda ya Larian Studios, ya pili kwenye Roaming, folda ya EldenRing. Nakili kwenye flashi, sakinisha gemu upya, ifungue mara moja na kuifunga, kisha rudisha folda mahali pake. Steam ikiuliza utumie faili za wapi, chagua zile za kwenye kompyuta.